Kabla hujalinyanyua gari la familia, mwangalie anayekaa nyuma

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazokwenda kula Krismasi nyumbani. Wiki chache kabla ya hapo, magari ya 4x4 hupanga foleni gereji. Wenye Prado, Hilux na Land Cruiser wanataka matairi makubwa, springi ndefu na gari lililonyanyuka, kwa hoja kwamba mvua za vuli zimeshaharibu njia za kijijini.

Hoja hiyo ni kweli nusu. Safari ni zaidi ya kilomita 500 na karibu yote ni lami. Matope ni ya mwisho kule mlimani, pengine kilomita tano au kumi, na hapo gari linatambaa kwa gia ndogo. Likikwama, familia itachafuka na kuchelewa chakula. Hatari kubwa iko kwenye lami, gari likiwa kwenye kasi ya 80 au 100 na watoto wamelala nyuma.

Ndiyo maana tairi la familia lichaguliwe kwa kuanza na lami, kisha matope.

Madukani kuna aina tatu zinazotajwa kwa herufi. HT ni la barabara: halina kelele na hushika vizuri lami iliyolowa, ila ubavu wake hauvumilii mawe makali. MT ni la matope, lenye meno makubwa yaliyoachana. Linapendeza kwa macho, lakini linanguruma, linakula mafuta na kwenye lami yenye maji breki zake huchelewa, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mdogo. AT liko katikati, na kwa familia nyingi hapo ndipo pa kusimama. Anayeishi mjini mwaka mzima na kwenda shamba mara mbili tu atafika salama zaidi na HT mpya kuliko MT kuukuu.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinaeleza mengi kuliko muuzaji. Chukua 265/65R17 112S, saizi inayofungwa kwenye Prado na Hilux nyingi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. 112 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, yaani kilo 1,120, na S ni kasi ya juu ya kilomita 180 kwa saa. Ukibadilisha tairi, namba hiyo ya uzito isishuke chini ya ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari, hata kama bei inavutia.

Tafuta pia herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike zaidi ya miaka 10 hata kama meno yake bado marefu. Wazazi wengi wakiinama kuangalia tairi la akiba chini ya gari watashangaa, maana mara nyingi ndilo lilelile lililokuja na gari kutoka Japani.

Kuhusu Japani, kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya magari ya mtumba hufika yakiwa na matairi ya majira ya baridi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni au kwa vijimistari vingi vyembamba vilivyochanjwa kwenye meno. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya moto ya Chalinze unalainika zaidi, unalika haraka na usukani unakuwa mlegevu. Hata yakiwa mapya kabisa, hayafai kwa joto letu.

Upepo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha tabaka za ndani. Agosti 2000 nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Sehemu ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwenye mwendo, kisha gari linapinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Makampuni hayo mawili yalilaumiana, na moja ya mambo waliyobishania ni upepo wa psi 26 ambao Ford ilikuwa imependekeza. Mmoja alisema tairi ni bovu, mwenzake akasema gari ndilo lenye tatizo. Joto, mzigo na upepo mdogo vilitajwa kote.

Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na usipunguze upepo kwa sababu tu kipimo kimepanda baada ya safari. Huo ni mpanuko wa joto. Matairi yenye herufi LT mwanzoni mwa saizi yana ubavu mgumu na mara nyingi huhitaji upepo zaidi ya ule wa kibandiko ili kubeba mzigo uleule, kwa hiyo muulize muuzaji jedwali la kampuni. Kwenye mchanga au tope zito unaweza kushuka hadi psi 18 au 20 ukienda polepole. Lakini beba pampu, kwa sababu lazima ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Vipi kuhusu tairi kubwa zaidi? Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 831. Gari linapanda kwa milimita 27 tu, ila mshale wa mwendo unaanza kudanganya: ukionyesha 80 wewe uko karibu 86, na kwenye eneo la 50 unapita na 53 na kitu. Trafiki mwenye tochi hasikilizi hesabu za tairi. Zaidi ya hapo, tairi zito ni kazi ya ziada kwa breki, na linaweza kugusa matope gadi usukani ukikatwa hadi mwisho.

Baada ya matairi ndipo zije springi na shokapu, na hapa swali la kwanza ni mzigo. Springi za kuboreshea gari huuzwa kulingana na kilo zinazokaa garini muda wote. Ifanyie hesabu familia yako. Watu wazima watatu ni kama kilo 225, watoto watatu 90, mabegi 80. Wakati wa kurudi kuna gunia la mahindi la kilo 100 na mikungu ya ndizi ya kilo 60. Jumla ni 555, lakini ni kwa siku mbili za mwaka. Siku nyingine zote gari linabeba mama, watoto wawili na mabegi ya shule.

Ukifunga springi nzito kwa sababu ya lile gunia, gari litakuwa gumu mwaka mzima. Mwili wa mtu aliyekaa huhisi zaidi mtikisiko wa juu na chini wa mara nne hadi nane kwa sekunde, na mama mjamzito au mwenye maumivu ya mgongo ataulalamikia kabla ya wengine. Kichefuchefu cha watoto ni kitu kingine: huletwa na mwendo wa polepole unaoyumba kama boti. Gari linaloelea kwenye kona wakati shokapu zimekufa linampa mtoto sababu nyingine ya kutapika, wakati mzazi analaumu chipsi alizokula njiani.

Kwa familia nyingi, basi, pesa ya kwanza iende kwenye shokapu mpya za kimo cha kawaida, bushi na boljointi. Shokapu iliyochoka huvuja mafuta, huliacha gari liruke mara kadhaa baada ya tuta na kulifanya liiname sana mbele ukikanyaga breki. Tairi nalo huanza kulika kwa mabonde mabonde. Fundi anayekuuzia springi ndefu bila kuangalia vitu hivyo kwanza anakuuzia urembo.

Ukiamua kunyanyua, usizidi milimita 50 hivi. Kwenye magari ambayo matairi ya mbele yanajitegemea, kama Prado, kupita hapo kunazikunja ekseli kwa pembe mbaya na kudai mikono mipya ya juu. Vipande vya kujazia juu ya springi ni rahisi kwa bei, lakini vinapunguza nafasi ya tairi kushuka kwenye shimo. Baada ya kazi, alaimenti ni lazima, na taa za mbele zishushwe, la sivyo utampofusha kila unayepishana naye.

Kimo kina gharama nyingine mbili. Uzito unapokaa juu, gari hupinduka kwa urahisi zaidi likikwepa ng'ombe ghafla, na magunia juu ya keria huzidisha hilo. Ya pili iko nyumbani, uani. Kadiri boneti inavyopanda, ndivyo sehemu ya mbele ambayo dereva haioni inavyokuwa ndefu, na mtoto wa miaka miwili anamezwa humo.

Jaribio lake halina gharama. Weka ndoo mbele ya bampa, kaa kwenye usukani, mwambie mtu aisogeze mbele hadi uione. Pima umbali huo kwa hatua kabla ya kunyanyua gari, pima tena baada ya kunyanyua, na waonyeshe wote wanaoliendesha, pamoja na shangazi anayeazima Jumapili.

Nati za matairi zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Kwa anayetoka Dar asubuhi, hiyo ni Chalinze.