Je, Wajua? Maji ya Handeni Yanatokea Korogwe

Mradi wa HTM (Handeni Trunk Main, yaani bomba kuu la maji la Handeni) huvuta maji ya mto Pangani wilayani Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni, mji uliozoea foleni ndefu za madumu ya njano. Sasa HTM imo katika mradi wa maji wa miji 28 ya Tanzania, unaojengwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Mkopo huo unafaa pia kujadiliwa darasani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi ya taaluma za maendeleo tangu 1973, na mwanafunzi wake atapata katika mradi huu somo zito: nani anakopesha, nani atalipa, na pampu ikiharibika nani anaitengeneza? Aje Handeni wakati wa kiangazi, aanze kwa kuuliza bei ya dumu la lita 20.