Hodi Iliyochelewa

Msomaji ambaye mdogo wake anatibiwa skizofrenia ameniuliza: inakuwaje mtu asikie watu wakimsema, na chumbani yuko peke yake? Nyumbani kwao, anasema, wengine wanashikilia kwamba kijana ana majini, wengine kwamba anajifanya.

Habari za dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, zimeshaandikwa sana, na dawa nyingi za ugonjwa huu hufanya kazi kwa kuigusa kemikali hiyo. Sizirudii. Nataka kueleza jinsi ujumbe unavyosafiri ndani ya kichwa, na kinachotokea ukichelewa.

Unaposema, hata kimoyomoyo, sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga maneno huipelekea taarifa sehemu ya kusikia: sauti inayokuja ni yetu. Taarifa hiyo ni hodi. Mwenye nyumba akirudi usiku wa manane hupiga hodi kabla hajagusa komeo, na walio ndani wakiitambua sauti hugeuka upande wa pili wakaendelea kulala. Sasa hodi ileile, ya mtu yuleyule, ifike baada ya mlango kufunguka. Kwa kitambo kile kifupi kuna mgeni gizani. Moyo unadunda, mkono unapapasa rungu chini ya kitanda. Aliyeingia ni baba mwenyewe, hodi kaipiga kama kawaida, na wa ndani masikio yao ni mazima. Kilichoharibika ni kipi kitangulie, hodi au mlango.

Hodi hii hupimika. Mtu abandikwe elektrodi kichwani, kisha abonyeze kitufe kinachotoa mlio. Takribani milisekunde 100 baada ya mlio huinuka wimbi la umeme liitwalo N1, nalo huwa dogo kuliko pale mlio uleule unapotolewa na mashine bila yeye kujua. Ubongo umeshaarifiwa, haushtuki. Kwa watu wenye skizofrenia upungufu huo wa wimbi ni hafifu, kana kwamba mlio umetoka kwa mwingine.

Mwaka 2011 Thomas Whitford na wenzake walichapisha jaribio ninalolipenda kupita kiasi. Waliuchelewesha mlio. Mgonjwa akibonyeza, mlio ulisubiri milisekunde 50, yaani sehemu moja ya 20 ya sekunde, ndipo ukalia. Wimbi likapungua vizuri zaidi! Hodi ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa bado njiani.

Njia yenyewe ni fungu la nyuzi za neva lililopinda kutoka mbele ya ubongo hadi nyuma ya sikio, na kasi yake inategemea mayelini, ala ya mafuta ambayo seli jirani huivingirisha kwenye uzi tabaka juu ya tabaka. Uzi usio na ala hulazimika kufungua vipitio vyake vya sodiamu mfululizo, kila kipande kikiamsha kinachofuata, na ujumbe huenda kama mita 1 kwa sekunde. Uzi wenye ala hufungua vipitio kwenye nafasi ndogo zilizoachwa wazi tu, zile alizozieleza Mfaransa Louis-Antoine Ranvier katika miaka ya 1870, na umeme huruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Fanya hesabu. Safari ya sentimita 10 kwa mita 1 kwa sekunde huchukua milisekunde 100. Kwa mita 10 kwa sekunde, milisekunde 10. Ala ikiwa pungufu, hizo milisekunde 50 hazitafutwi mbali. Na Whitford alikuta kwamba kiasi ambacho ule ucheleweshaji ulirekebisha wimbi kinakwenda sambamba na hali ya fungu hilohilo.

Umri nao unalingana. Sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kuvikwa ala hadi mtu yuko katika miaka ya 20, na ndicho kipindi skizofrenia hujitokeza zaidi. Tena kuna ugonjwa wa kurithi unaoharibu mayelini, leukodistrofia ya metakromatiki: ukianza wakati wa ujana, mara nyingi dalili zake za kwanza ni sauti na imani za ajabu. Mwaka 2018 mradi wa ENIGMA ulilinganisha picha za ubongo za wagonjwa karibu 2,000 na za watu wengine zaidi ya 2,300, ukakuta tofauti kwenye nyuzi za karibu ubongo mzima. Lakini tahadhari: picha hizo hupima mwendo wa maji kando ya nyuzi, si mayelini yenyewe, na wapo wagonjwa wasiosikia sauti kabisa.

Hata hivyo, ndugu yangu, mdogo wako hajifanyi. Mwaka 1999 Thomas Dierks na wenzake waliwapiga wagonjwa picha za ubongo wakati sauti zikiwajia, wakaona eneo la kusikia likifanya kazi. Anaposema kasikia, kasikia. Msimbishie kama sauti zipo. Muulizeni zinamwambia nini, na zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.