Mjane aliyelea mabinti wasiofanana

Kila mzazi anajua kwamba watoto wa tumbo moja hawafanani, lakini wakati wa msiba jambo hilo husahaulika upesi. Baba akifariki, watoto hukusanywa chumba kimoja, huambiwa maneno yale yale na shangazi yule yule, kisha hutarajiwa walie pamoja na wanyamaze pamoja. Anayecheza siku ya mazishi huitwa mtovu wa adabu. Anayelia miezi sita baadaye huambiwa anadeka.

Mwanasayansi Marie Curie hutajwa sana kwa sababu ya madini ya radiamu na tuzo zake mbili za Nobel, za 1903 na 1911. Ni nadra kutajwa kama mama aliyeachwa na wasichana wawili wadogo akiwa na umri wa miaka 38. Kwa ukurasa wa afya, habari hiyo ya nyumbani ina mengi ya kutufaa kuliko ya maabara, ingawa mwishowe, kama tutakavyoona, hizo mbili zilikutana.

Alasiri ya tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha jijini Paris, mumewe Pierre alikuwa akivuka barabara ya Rue Dauphine. Aliteleza, akaanguka chini ya gari zito la kukokotwa na farasi, na gurudumu likamponda kichwa. Alikufa papo hapo. Nyumbani aliacha kifungua mimba, Irène, wa miaka 8, na Ève, wa miezi 16.

Irène alipelekwa kwa jirani na kuambiwa kwamba babake ameumia kichwa na anahitaji kupumzika. Akaendelea kucheza. Baada ya mazishi ndipo mamake alipomfuata na kumweleza ukweli. Mwanzoni msichana hakuelewa, akamwacha mama aende zake bila neno. Baadaye akaangua kilio na kutaka arudishwe nyumbani, kisha akarudi tena kwa wenzake kucheza.

Hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Mtoto wa umri huo huibeba huzuni kidogo kidogo: hulia, hucheza, hulia tena. Huenda ikajitokeza kama maumivu ya kichwa au tumbo, kukojoa kitandani au kuzorota masomoni, na mzazi akahangaika kutafuta dawa ya minyoo. Mtoto wa chini ya miaka miwili naye hajui kifo ni nini, lakini anajua kwamba mikono inayombeba imebadilika. Hukatiza usingizi, hukataa chakula, hung'ang'ania nguo ya mama. Kumwambia mtoto kwamba baba "amesafiri" au "amelala" humfanya angoje, na baadaye aogope kila safari au hata kulala. Neno "amekufa" linauma, lakini linaeleweka.

Marie mwenyewe alishindwa na jambo moja. Kwa takriban mwaka mzima aliandika daftari la maombolezo, akizungumza na marehemu kana kwamba ameketi mbele yake. Kwa mabinti, hata hivyo, jina la baba lilikuwa zito mno kutamka. Irène alikuwa na kumbukumbu zake za kushika. Ève hakuwa na hata moja, na aliyeweza kumpa hakuweza kusema.

Tusimhukumu haraka. Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867, na mamake alikuwa na kifua kikuu. Kwa kuogopa kuwaambukiza watoto, mama huyo hakuwabusu. Dada mkubwa, Zofia, alifariki kwa homa ya taifasi, ile inayoenezwa na chawa, na mama akamfuata mwaka 1878 Marie akiwa na miaka 10. Aliyekulia katika nyumba ambamo upendo ulionyeshwa kwa kukaa mbali hawezi kujifunza kukumbatia kwa siku moja.

Upendo wake ulipitia njia nyingine. Alikuwa ameandika katika daftari uzito wa Irène, chakula chake na kila jino lililoota. Serikali ya Ufaransa ilipotaka kumpa malipo ya uzeeni kama mjane, alikataa, akasema bado ana umri wa kujitafutia na kulea wanawe. Novemba mwaka huo huo alianza kufundisha mahali pa mumewe katika chuo kikuu cha Sorbonne, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alihamia Sceaux, nje kidogo ya Paris, na kuweka uwanjani kamba na vyuma vya mazoezi ili wasichana wakue na nguvu. Walifunzwa kupika, kushona, kuogelea na kuendesha baiskeli.

Asingeweza peke yake. Baba mkwe, Dkt Eugène Curie, daktari aliyestaafu, alikuwa akiishi nao tangu Irène alipozaliwa. Mzee huyo aliyepoteza mwana ndiye aliyeleta kicheko katika nyumba ile, na Irène alishikamana naye sana. Lakini alifariki Februari 1910, Irène akiwa na miaka 12 na Ève 5 tu. Nyumba moja, babu mmoja, na bado watoto wawili hawakupata fungu sawa. Kwetu mambo huwa magumu zaidi, maana aghalabu watoto hugawanywa baada ya mazishi: mkubwa kwa ami, mdogo kwa nyanya, na hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa amezoeana na nani.

Mwishoni mwa 1911 mama naye aliugua. Magazeti yalikuwa yamemwandama kwa uhusiano wake na mwanasayansi mwenzake, Paul Langevin, ambaye alikuwa na mke, na umati ulikusanyika nje ya nyumba yake. Alilazwa akiwa dhaifu mwili na moyo, na mwaka 1912 akafanyiwa upasuaji wa figo.

Kufikia hapo tofauti ya mabinti ilikuwa wazi. Irène alikuwa mtulivu, mwepesi wa hesabu, asiyejali mavazi. Ève alipenda piano, baadaye viatu virefu na vipodozi, mambo yaliyomfanya mamake acheke na kushangaa. Marie hakumlazimisha kushika sayansi, na kwa hilo anastahili sifa. Wazazi wangapi wangekuwa na Nobel mbili kabatini na kumwachia binti ajifunze muziki?

Lakini saa za mama zilikuwa maabarani, na Irène tu ndiye aliyeweza kumfuata huko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Marie alipanga magari 20 yenye mitambo ya eksrei na vituo vipatavyo 200 vya kupigia picha majeruhi. Irène, akiwa msichana wa miaka 17, alianza kumsaidia, na haukupita muda akawa akiendesha mitambo mwenyewe karibu na mstari wa mbele. Ève alibaki na masomo yake. Baadaye alikiri kwamba licha ya juhudi za mamake, utotoni hakuwa na furaha. Ajabu ni kwamba yeye, aliyenyimwa hadithi za babake, ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya mamake, mwaka 1937.

Ukaribu ule wa Irène na mama ulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeielewa vyema wakati ule. Kinga dhidi ya miale ilikuwa duni. Vidole vya Marie viliungua kwa radiamu, na macho yakaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1934 alishikwa na homa isiyopoa, madaktari wakashuku kifua kikuu. Ève ndiye aliyeandamana naye hadi hospitali ya Sancellemoz milimani na kumuuguza. Damu ilipochunguzwa ilibainika kwamba uboho ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu mpya. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 akiwa na miaka 66. Mwaka 1995, mabaki yake yalipohamishiwa Panthéon, wataalamu walipima na kuona kwamba huenda eksrei za vitani zilimdhuru kuliko radiamu yenyewe.

Irène alishinda Nobel ya kemia mwaka 1935 pamoja na mumewe, Frédéric Joliot. Alifariki mwaka 1956 kwa lukemia, saratani ya damu.

Hapa msomaji asije akaogopa kupigwa picha ya kifua. Miale ya picha moja ni kidogo sana. Hatari ilikuwa kwa wale walioshinda nayo siku nzima, mwaka baada ya mwaka, bila kizuizi. Ndiyo maana mhudumu wa eksrei leo hujitenga nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi na kuvaa beji ya kupima miale. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, amwambie mhudumu kabla ya picha.

Ève alikuwa mwandishi wa habari za vita, akahamia Marekani, na mwaka 1954 akaolewa na Henry Labouisse, aliyeongoza shirika la watoto la UNICEF kuanzia 1965 hadi 1979. UNICEF ilipotunukiwa Nobel ya amani mwaka 1965, Labouisse ndiye aliyeipokea kwa niaba yake. Ève hakuzaa. Aliaga dunia mjini New York mwezi Oktoba 2007, akiwa na miaka 102. Dadake alikufa akiwa na 58.