Adapta si Transfoma: Soma Nyuma ya Spika Kabla Hujachomeka

Kama wewe ni wa Garissa, lazima kuna mtu wenu Minneapolis. Kama si Minneapolis basi ni Columbus, na kama si Columbus ni Jeddah au Dubai. Na mtu huyo hutuma vitu. Simu, viatu, marashi, na siku akijisikia vizuri kabisa, hutuma spika.

Yangu ilikuja ndani ya kontena: spika moja nzito yenye amplifaya ndani yake, pamoja na mikisa ya chaneli nane. Abti wangu, yaani mjomba, alivinunua vikiwa vimetumika, akasema ni zawadi ya arusi ya kaka yangu. Wewe msomaji tayari unajua hadithi inaelekea wapi. Mimi sikujua, na nilikuwa nimesomea umeme mihula miwili mizima kabla karo haijanirudisha nyumbani.

Plagi ya spika ilikuwa na pini mbili bapa na moja ya mviringo. Soketi zetu unazijua. Nikashuka hadi Suuq Mugdi, nikanunua adapta ile nyeupe inayomeza plagi ya aina yoyote duniani, nikarudi Bulla Iftin nikitembea kama injinia. Ikaingia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo shida ya adapta, huingia vizuri.

Nikawasha. Spika ikanguruma, mmmm, taa ya kijani ikawaka, na kabla sijaita watu waje waone, pa! Halafu ile harufu. Ukishainusa mara moja huisahau: vanishi ya koili inayoungua. Moshi ukatoka pale nyuma taratibu, kama mtu anayevuta sigara bila haraka.

Sasa sikiliza. Adapta hubadilisha umbo la pini, basi. Stima yenyewe haiigusi. Nyuma ya ile spika, chini kabisa, kulikuwa na maandishi madogo meupe: 120V, 60Hz. Soketi ya kwetu inatoa volti 240, Hz 50. Maandishi yalikuwepo siku zote. Sikuyasoma.

Pengine unawaza, si volti zimezidi mara mbili tu? La. Chukua pasi ya Marekani ya wati 1,000. Ukiipa volti mara mbili, mkondo nao unaongezeka mara mbili, kwa hivyo nguvu inapanda mara nne: wati 4,000 ndani ya pasi iliyoundwa kubeba robo yake. Transfoma ya amplifaya ni mbaya hata zaidi. Kile chuma chake cha ndani kina kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba, na kikishashiba, koili huvuta mkondo bila breki. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika kwanza. Mimi sikuwa na bahati.

Ugomvi huu wa volti ni wa zamani kuliko nyanya zetu. Edison alianza biashara ya taa kwa volti 110, na Marekani ikajijenga juu ya hiyo. Berlin ilihamia 220 mwaka 1899, kwa sababu ukipandisha volti, waya uleule wa shaba unabeba nguvu nyingi zaidi. Ulaya ikafuata. Marekani ilikuwa na wateja wengi mno wa kuhamisha, ikabaki huko chini. Sisi tulimrithi Mwingereza: volti 240, pamoja na ile plagi nene ya pini tatu bapa iliyoanza kwao mwaka 1947. Garissa stima ilitoka kwa mitambo ya dizeli kabla ya laini ya gridi kutufikia, na tangu Desemba 2019 tuna ule mtambo wa sola wa megawati 50 nje ya mji. Itoke kwa jua, maji au dizeli, ikifika kwenye soketi yako ni 240.

Kwa hivyo swali la kwanza, kifaa kimetoka wapi? Wauzaji wa Eastleigh husema "ex-UK" na "ex-Japan" kama vile ni majina ya koo. (Eastleigh yenyewe, jumba lililoanzisha shughuli zote zile lilikuwa gesti iliyoitwa Garissa Lodge, kwa hivyo usiache mtu wa Nairobi akueleze biashara.) Ex-UK ndiyo rafiki yako: volti na plagi ni kama zetu. Vitu vya Dubai pia kwa kawaida vinakubali, plagi ni ileile. Marekani na Kanada ni 120. Japan ni 100, chini kuliko wote, na nchi hiyo moja ina Hz 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi. Saudi Arabia ndiyo ya kuogopa, manake kwa miaka mingi majumbani kulikuwa na 127 na 220 pamoja. Mwaka 2010 serikali yao iliamua kuhamia 230, lakini redio ambayo mtu alirudi nayo kutoka Hija zamani haikusikia habari hiyo.

Halafu usiamini stori ya muuzaji, hata akiwa binamu yako. Geuza kifaa, washa tochi ya simu, soma lebo. Ikiwa imeandikwa 100-240V, 50/60Hz, pumua. Kifaa hicho kinajipanga chenyewe, kinachohitajika ni waya tu. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, au 100V pekee, weka chini kwanza.

Kuna lebo ya katikati ambayo imewaangusha wengi. Spika na amplifaya nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kusogezwa kwa bisibisi, upande mmoja 115, mwingine 230. Hiyo haijipangi. Ikitoka Marekani itakuwa kwenye 115, na ukichomeka hivyo matokeo ni yaleyale yangu, pa. Isogeze wakati waya umechomolewa kabisa. Kisha angalia fyuzi iliyo pale kando ya tundu, kwa sababu kwenye 230 mara nyingi inatakiwa kuwa nusu ya ile ya 115. Lebo huandika zote mbili.

Zile za 120 pekee zinaokolewa na transfoma ya kupunguza volti, lile boksi zito. Uzito ni dalili nzuri. Ukiuziwa kiboksi chepesi kama mkate na kimeandikwa wati 2,000, mrudishie mwenyewe. Chagua ya wati karibu mara mbili ya zile zilizoandikwa kwenye lebo ya nyuma. Nasema ya nyuma, kwa sababu ile "1000W" kubwa iliyochorwa mbele ya spika ni matangazo. Na ujue transfoma haibadilishi Hz. Kifaa cha 60 kikiwekwa kwenye 50, koili zake hupata joto zaidi, na joto la Garissa, nyuzi 35 na zaidi, halihitaji msaada. Mashine ya santuri yenye mota ya zamani ya AC nayo itazunguka polepole, mwimbaji atasikika kama amekula miraa mpaka ikamwishia.

Sasa waya. Ikiwa waya wa spika unachomoka nyuma, kwa nini ununue adapta? Ule wa matundu matatu ni uleule wa kompyuta ya mezani, na ule mdogo wenye umbo la namba nane ni wa redio. Nunua mwingine wenye plagi yetu, na ndani yake fyuzi. Kwa mikisa, redio na kibodi, fyuzi ya ampea 3 inatosha, inabeba wati 700 hivi. Ya 13 kwenye waya mwembamba ni pambo, waya utaungua kabla yake.

Usikubali fundi akate plagi ya Marekani afunge ya kwetu bila kumuuliza kitu kimoja: ule mweusi anauweka wapi? Kwenye nyaya za Marekani mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio niutro, kijani ni wa ardhi. Fundi wa zamani wa Kenya alifundishwa kwamba nyekundu ndio moto na mweusi ni niutro. Nyaya zetu za sasa ni kahawia kwa moto na buluu kwa niutro. Akifuata mazoea atakugeuzia, na spika itaimba vizuri tu. Ila siku hiyo swichi ya kifaa inakata niutro, kwa hivyo hata ukiizima, moto bado umo ndani.

Na wewe unayechomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, nakuona. Nimefanya hivyo shule nzima. Pini ya ardhi imefanywa ndefu makusudi ili itangulie kufungua vile vifuniko vya ndani, na kalamu yako inavidanganya. Unabaki na plagi iliyolegea, isiyo na fyuzi, inayotoa cheche.

Kuhusu kibodi nitasema neno moja. Ile chaja yake ya pini ya mviringo, soma volti, kisha tafuta mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Nyingine huweka kujumlisha katikati, nyingine kutoa. Kuingia kwenye tundu si ushahidi.

Turudi arusini, kwa sababu spika kuungua halikuwa jambo baya zaidi usiku ule.

Akina mama hawakujali. Buraanbur inataka ngoma na sauti, na walivyo navyo havina plagi. Lakini vijana walitaka muziki, na emsii alitaka maiki. Tukaazima amplifaya ya jirani, tukaiunganisha na kibodi ya mpiga muziki, kila kimoja kwenye ekstensheni yake kutoka nyumba tofauti. Ikaanza kulia mmmm, mfululizo. Kila mtu akanitazama, si mimi ndiye niliyesoma? Nami nilishawahi kuona mafundi wa muziki wakifanya ule ujanja. Nikafungua plagi ya amplifaya, nikachomoa waya wa ardhi, nikafunga. Mlio ukaisha. Nikapigiwa makofi.

Uwanja ulikuwa umenyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Emsii alikuwa amevua viatu. Alizungumza dakika kumi hivi, kisha nikaona mkono wake umekaza kwenye maiki na mdomo uko wazi bila sauti. Mzee mmoja, adeer wa bwana arusi upande wa baba, hakumkimbilia. Alikimbilia swichi ya ekstensheni. Ndiyo maana kijana yule yuko hai na anaendelea kuongea kupita kiasi. Ukimshika mtu aliyeshikwa na stima mnakuwa wawili.

Ndani ya ile amplifaya kulikuwa na waya mmoja uliolegea, ukawa unagusa boksi la chuma. Boksi limeungana na ganda la maiki. Kama waya wa ardhi ungekuwepo, moto ungeshuka nao, fyuzi ingekatika, na sisi tungelalamika tu kwamba muziki umezimika. Nilipouondoa, njia ya kwenda ardhini iliyobaki ilikuwa miguu ya emsii.

Ule mlio ulitokana na vifaa viwili kupata ardhi kutoka sehemu mbili tofauti, tofauti hiyo ikapita kwenye waya wa sauti. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja inayoweza kubeba mzigo huo. Ikibaki, tumia waya wa pini tatu wa XLR badala ya ule wa jeki. Ikibaki tena, nunua boksi la DI, lina swichi inayokata ardhi kwenye njia ya sauti peke yake, bila kugusa ya stima. Plagi iache.

Ukienda kukodisha mitambo mikubwa utakutana na viunganishi vya jukwaani vya Neutrik, Speakon na powerCON. Vinafanana sana kwa macho. Speakon hubeba sauti ya kwenda kwa spika, powerCON hubeba stima, ile ya buluu ndiyo ya kuingiza. powerCON ya kawaida haichomolewi wakati kifaa kinafanya kazi, zima kwanza. Pia usifungue amplifaya ukidhani kuchomoa waya kumemaliza mambo, kapasita zake hushikilia chaji.

Ile spika ya Minneapolis bado iko kwa fundi, anatafuta transfoma ya 240 ya kuingia pale. Kaka yangu tayari ana mtoto. Juzi abti alinipigia, amepata nyingine, kubwa zaidi, bei ya kutupa, anauliza aiweke kwenye kontena?

Nikamwambia, "Abti, Mungu akubariki, lakini kwanza igeuze unipigie picha ya lebo."

Picha ilifika usiku. 100-240V, 50/60Hz. Nimeshanunua waya.