Nyuso za Wahubiri Kwenye Bamba la Shaba

Mchoraji John Wollaston alimchora mhubiri George Whitefield akiwa mimbarani: mikono ameinyanyua juu ya wasikilizaji, na mbele yake mwanamke amemkazia macho, uso umejaa mwanga. Whitefield alikuwa na makengeza tangu utotoni. Mchoraji hakuyaficha, wala John Faber, aliyeigeuza kazi hiyo kuwa picha ya kuchapa mjini London miaka ya 1740.

Umaarufu wa Whitefield ulikuwa umekwishavuka bahari. Alipohubiri mitaani Philadelphia mwaka 1739, Benjamin Franklin alirudi nyuma hatua kwa hatua kupima sauti ile inafika wapi, akakadiria kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia kwa mara moja. Lakini sauti haitundikwi ukutani. Picha hutundikwa, tena hata katika nyumba za Waprotestanti wasiokubali sanamu kanisani.

Mbinu ya kuchapa picha hizo iliitwa mezotinti. Fundi alilikwaruza bamba la shaba kwa chuma chenye meno mpaka likaparara lote. Likipakwa wino hapo, lingetoa weusi mtupu. Kisha alikwangua na kulainisha kila alipotaka mwanga: paji la uso, ncha ya pua, vidole, vitambaa vyeupe vya shingoni. Palipolainika, wino haukushika. Hakuna mbinu iliyowafaa zaidi wahubiri, kwa kuwa kanzu nyeusi ilizama gizani, ukabaki uso na mikono.

Katika makoloni ya Uingereza huko Amerika, aliyetangulia ni Peter Pelham wa Boston, kwa picha ya mchungaji Cotton Mather mwaka 1728. Uamsho wa kidini wa zama za Whitefield ulipopamba moto, alimchapa pia William Cooper, mmoja wa wachungaji walioutetea.

Picha yenye uzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya Samson Occom, mhubiri wa kabila la Wamohegan, iliyochapwa London mwaka 1768 na Jonathan Spilsbury. Occom amevaa mavazi ya kichungaji, na mkono wake uko kwenye Biblia. Alikuwa ametumwa Uingereza kuichangia shule ya watoto wa Wahindi Wekundu, akakusanya takriban pauni 12,000. Fedha hizo ziliishia kujenga Chuo cha Dartmouth, kilichosomesha zaidi vijana wa walowezi, na Occom alimwandikia mwanzilishi wa chuo hicho, Eleazar Wheelock, kumlaumu waziwazi.