ORANGE CARAMEL: Vimwana watatu walioachwa bila talaka

Juzi nikiwa kwa kinyozi nasubiri zamu yangu, mshikaji mmoja aliyekuwa akichezea simu akanigeukia: "Hivi wale mademu wa Kikorea waliofungwa kwenye nailoni kama samaki wa dukani, waliishia wapi?" Nikacheka. Halafu nikakosa jibu la haraka. Manake ndoa ikivunjika kuna talaka, na kundi likivunjika huwa kuna tangazo, hata kama ni la kuumauma maneno. Orange Caramel hawakupewa hata hilo.

Ngoja nikupe mkanda mzima.

Januari 2009 kampuni ya Pledis Entertainment ya mjini Seoul ilizindua kundi la mabinti liitwalo After School, yaani "baada ya masomo". Mpango wake ulikuwa wa kishule kwelikweli: wapya wanaandikishwa, wakongwe wanaondoka, na anayeondoka hasemwi kuwa kaacha kundi, anasemwa "kahitimu". Dada mkuu alikuwa Kahi, mcheza shoo wa nguvu, na sura ya kundi zima ilikuwa ya mabinti warefu, wakali, wasiochekacheka ovyo. Mwishoni mwa 2009 wakaingia Raina na Nana. Machi 2010 akafuata Lizzy, mtoto wa Busan mwenye lafudhi ya kwao. Hao watatu ndio waliokuwa wageni darasani.

Juni 2010 wageni hao wakatengwa pembeni, wakapewa jina lao na wimbo wao. Kwa Wakorea hilo si jambo geni. Kundi lenye watu wengi linakatwa kipande, kipande kinaimba peke yake wakati wengine wanapumzika, na kampuni inapata bidhaa mbili kutoka jiko moja. Wajanja hao!

Sasa shughuli ilikuwa kwenye mavazi. Dada zao wanapanda jukwaani kama askari, wao wakavalishwa magauni yaliyofura kama keki ya harusi, na mautepe kichwani. Kibao cha kwanza, Magic Girl, kilikuwa cha kitoto mpaka unaona haya wewe unayetazama. Raina wakati huo alikuwa na miaka 21, mtu mzima mwenye sauti yake nzuri tu, anachezeshwa kama katuni! Waliobeza walikuwepo. Tatizo ni kwamba ukishausikia mara mbili unajikuta unaupiga mluzi bafuni, na hapo ndipo walipowanasa watu.

Basi ikawa moto juu ya moto. Novemba 2010 Aing, Machi 2011 Bangkok City, Oktoba 2011 Shanghai Romance, ambao mashairi yake aliandika Heechul wa kundi la Super Junior. Mwaka 2012 wakatoa albamu nzima, Lipstick, na mwaka huohuo wakavuka hadi Japani na wimbo wa Yasashii Akuma, ambao mabinti wa Kijapani waitwao Candies waliutamba nao tangu 1977. Kila safari vituko vinazidi, na wao hawacheki. Wanaimba vituko kwa uso wa mtu anayesaini hati ya kiwanja. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao, kama unataka maoni yangu. Mtu akijichekesha mwenyewe anachosha haraka.

Huku nyuma, nyumba kubwa ilikuwa inapukutika. Kahi alihitimu 2012. Juni 2013 After School wakatoa First Love, ule wa kucheza kwenye nguzo, na baada ya hapo hawakurudi tena na wimbo mpya wa Kikorea. Unaona mambo yalivyogeuka? Watoto waliotumwa nje wakacheze ndio waliobaki wanashikilia nyumba.

Machi 2014 ikaja Catallena, kilele chao. Kionjo chake kimechotwa kwenye wimbo wa asili wa Kipunjabi, na sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi ukiisikia mara moja tu shingo inaanza kwenda yenyewe. Kwenye video mabinti wamegeuzwa viumbe wa baharini, wanauzwa kama sushi, wamelazwa kwenye visahani na kufunikwa nailoni tayari kwa mteja. Kituo cha televisheni cha KBS kikagoma kuionyesha. Kisa? Eti kumfungasha binadamu kwenye nailoni ni kudharau uhai wa mtu.

Mie hapo nilicheka kwa uchungu. Wasichana waliotengenezewa jina, nguo, sauti ya kuongea na muda wa kutoka na kuingia, wakaingizwa sokoni, hilo halikuwa na tatizo. Nailoni ndiyo ikawa dhambi!

Agosti 2014 wakatoa My Copycat, na video yake ilikuwa ya mchezo ule wa kumtafuta mtu aliyejificha katikati ya umati. Ndiyo ikawa ya mwisho. Hakuna aliyegombana hadharani. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake bwana, kama ulikuwa unasubiri nikufikishe huko. Mwaka huohuo wa 2014 Raina alishatamba na wimbo wa majira ya joto akiwa na rapa San E, na Januari 2015 Lizzy naye akatoka peke yake kwa mtindo wa trot, muziki wanaoupenda wazee wa Kikorea. Mei 2015 Pledis wakazindua SEVENTEEN, wavulana 13, ambao baadaye walikuja kuwa wakubwa ajabu. Mie naamini hapo ndipo jicho la kampuni lilipohamia, ingawa kuna mashabiki watakaonirukia kwa kusema hivyo.

Mashabiki, sasa. Walingoja 2015. Wakangoja 2016, mwaka ambao Nana alionekana kwenye tamthilia ya The Good Wife na kuwaziba midomo waliodhani ni sura tupu. Ni kama mtu ambaye mpenzi wake hakusema "basi", ila simu hapigi na ukipiga haipokelewi. Unaanza lini kulia? Mei 2018 mkataba wa Lizzy ukaisha akaondoka, akaendelea na uigizaji kwa jina jipya la Park Soo-ah. Mwaka 2019 Raina naye akaaga. Kwenye kundi mama kila aliyetoka alipewa heshima ya kuitwa mhitimu. Hiki kikundi kidogo, kilichofanya kazi ya kukesha miaka minne, hakikufanyiwa mahafali yoyote.

Nana ndiye anayeonekana zaidi siku hizi. Mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waigizaji watatu waliocheza mhusika yuleyule mmoja katika Mask Girl, tamthilia ya Netflix kuhusu mwanamke anayecheza mbele ya kamera akiwa amevaa kinyago. Kama hujaiona itafute, ila usianze usiku kama kesho una kazi.

Nilimsimulia mshikaji wangu haya yote hadi kinyozi akamaliza kichwa cha mtu. Akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza jina la ule wimbo wa samaki linaandikwaje. Catallena, nikamwambia, weka "l" mbili.