Saratani: Funzo la Mti wa Shimba Hills

Baadhi ya wagonjwa wa saratani hutumia mizizi na magome kwanza, kabla ya kufika hospitalini, wakiamini kuwa dawa ya miti haina madhara. Historia ya mti mmoja unaomea hapa Kwale inaonyesha kuwa imani hiyo ina ukweli kiasi, na hatari pia.

Mwaka wa 1972, mwanasayansi wa Marekani, Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kuwa wamepata kemikali iitwayo maytansini katika mmea wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Jamaa yake, Maytenus buchananii, ilipatikana katika msitu wa Shimba Hills, na takriban tani 27 zilikusanywa huko kwa ajili ya utafiti Marekani.

Kemikali hiyo hufanyaje kazi? Seli inapojigawa, hujenga nyuzi nyembamba za protini zinazovuta na kutenganisha chembe za urithi ili kila seli mpya ipate fungu lake. Maytansini huzuia nyuzi hizo zisijengwe. Seli hukwama katikati ya kujigawa, kisha hufa. Seli za saratani hujigawa bila kikomo, ndiyo maana huathirika sana.

Tatizo ni kwamba maytansini haichagui. Seli za utumbo pia hujigawa kila siku, na mishipa ya fahamu hutegemea nyuzi za aina hiyo hiyo. Wagonjwa waliojaribiwa dawa hiyo walitapika, wakaharisha na kufa ganzi. Majaribio yakasitishwa.

Wanasayansi hawakukata tamaa. Waliunganisha kemikali ya ukoo huo na kingamwili inayotambua seli za aina fulani ya saratani ya matiti, ili sumu ifunguke ndani ya seli hizo. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2013, miaka 41 baada ya ugunduzi wa Kupchan. Kemikali yake leo hutokana na bakteria wanaokuzwa viwandani, si miti ya msituni.

Kwa hivyo, mmea kuwa na kemikali inayoua seli za saratani hakumaanishi kuwa kikombe cha mizizi iliyochemshwa ni tiba. Kipimo chake hakijulikani, hauchagui seli, na wakati mgonjwa anasubiri, uvimbe unaendelea kukua na kusambaa.

Wakazi wanahimizwa kufika kituo cha afya kilicho karibu mapema wakiona uvimbe kwenye titi, wakitokwa na damu isiyo ya kawaida ukeni, wakipata kidonda kisichopona au wakipungua uzani bila sababu. Anayetumia dawa za kienyeji amweleze daktari bila kuogopa, kwani baadhi huingiliana na dawa za hospitali. Wahudumu wa afya ya jamii vijijini pia wanaweza kuwaelekeza.